Bomba la Tanga halitashusha bei ya dizeli, na mambo mengine ambayo madereva wanaambizana kuhusu mafuta

Kazi yangu ni kuwasaidia wenye malori, mabasi na teksi kupunguza gharama za mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ikishatangaza bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, simu yangu haipumziki. Hasira za watu nazielewa vizuri. Lori la mzigo likitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na kurudi linameza dizeli ya zaidi ya shilingi milioni mbili, na mwenye lori hana usemi wowote juu ya bei hiyo. Mafuta yanatoka Uarabuni na India, yananunuliwa kwa dola, na yeye anakutana na bei ikiwa imeshapangwa.

Kinachonisumbua ni matumaini ya uongo. Wiki hii mteja mmoja alikuwa ameshika kalamu, tayari kusaini mkataba wa kubeba saruji kwa bei isiyobadilika mwaka mzima. Nilipomuuliza dizeli ikipanda atafanyaje, akanijibu: "Mzee, usiwe na wasiwasi. Bomba la Uganda likishafika Tanga, dizeli itakuwa bei ya maji." Sentensi hiyo nimeisikia kwa madereva, kwa mawakala wa mizigo, hata kwa maofisa wa fedha waliosoma. Inatosha sasa.

"Bomba likikamilika, mafuta yatakuwa rahisi"

Tuanze na kilichomo ndani ya bomba hilo linalotoka Uganda hadi Tanga. Ni mafuta ghafi kutoka visima vya Tilenga na Kingfisher, kando ya Ziwa Albert, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2006. Huwezi kuyatia kwenye tanki la gari lolote. Yana nta nyingi kiasi kwamba kwenye joto la kawaida huganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi, na ndiyo sababu bomba lote la kilomita 1,443 linapashwa joto kwa umeme ili yaweze kutembea. Kati ya kilomita hizo, 1,147 ziko Tanzania, kuanzia Kagera, kupitia Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara, hadi Chongoleani, Tanga. Watu wa mikoa hiyo minane wameliona bomba likipita kwao kwa macho yao, na naelewa kwa nini mtu anaamini kwamba kinachopita mlangoni kwake ni chake.

Si chake. Mafuta yale ni ya Uganda na kampuni zinazoyachimba: TotalEnergies ya Ufaransa, CNOOC ya China na kampuni ya mafuta ya taifa la Uganda. Tanzania, kupitia TPDC, shirika lake la mafuta, ina hisa asilimia 15 katika kampuni ya bomba, sawa na Uganda, huku TotalEnergies wakiwa na asilimia 62 na CNOOC asilimia 8. Someni hapo taratibu: hisa zetu ziko kwenye bomba, hazimo kwenye mafuta. Sisi tunalipwa kwa kuyapitisha. Yakifika Chongoleani yanaingia kwenye matanki, kisha kwenye meli, kisha yanaondoka kwenda kwa aliyeyanunua. Ndivyo mradi ulivyopangwa, na hakuna aliyewaficha.

Hapo mtu mwerevu huniuliza kwa nini tusinunue kidogo tukasafisha wenyewe. Kwa kiwanda kipi? Tanzania ilikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, TIPER ya Kigamboni, kilichoanza kazi mwaka 1966. Kiliacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo TIPER ni matanki ya kuhifadhia mafuta yaliyokwisha kusafishwa nchi nyingine. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na chao Changamwe, Mombasa, ambacho nacho kilisimama mwaka 2013. Wakati kinafanya kazi, kampuni za mafuta zililalamika kwamba kununua petroli iliyosafishwa nje kulikuwa na nafuu kuliko kulazimishwa kuchukua ya pale nyumbani, kwa sababu mitambo ilikuwa imezeeka. Kiwanda kikiwa chako hakikupi petroli rahisi kwa sababu hiyo tu.

Hata kisima kikiwa chako. Nigeria inauza mafuta ghafi tangu mwaka 1958, na kwa miongo mingi petroli yake imekuwa ikitoka nje kwa meli. Bei ya chini waliyoizoea ilikuwa ruzuku ya serikali, na ilipoondolewa Mei 2023 bei ilipanda zaidi ya mara mbili ndani ya siku chache. Septemba 2024 kiwanda cha Dangote, kilichojengwa kusafisha mapipa 650,000 kwa siku, kikaanza kutoa petroli. Oktoba ya mwaka huohuo lita moja Abuja ilivuka naira 1,000. Sababu haina siri: mafuta ghafi yana bei ya dunia popote yalipo, na naira ilikuwa imeanguka. Mwenye kisima haoni sababu ya kukuuzia pipa kwa nusu bei wakati meli iko bandarini na mnunuzi wa kigeni ana dola mkononi. Kenya nayo ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya mafuta ya Turkana Agosti 2019, mapipa kama 200,000. Muulizeni dereva yeyote wa matatu kama pampu iliona tofauti.

Je, bomba halina faida kwetu? Linayo, na ni kubwa: ada ya kupitisha mafuta, kodi, ajira, kazi kwa bandari na wakandarasi wa Tanga, na dola zitakazoingia nchini. Dola zikiwa nyingi, shilingi hupumua, na shilingi ikipumua hata bei ya mafuta hupata ahueni kidogo. Lakini hiyo ni faida ya nchi kwa njia ndefu. Mwenye lori akiipigia hesabu ya mwezi ujao atafilisika.

Kwa hiyo naomba kila anayebeba mizigo kwa mkataba aweke kipengele cha mafuta. Andikeni bei kikomo ya dizeli ya EWURA kwa Dar es Salaam katika mwezi wa kusaini iwe msingi. Kubalianeni mafuta ni sehemu gani ya gharama ya safari. Kama ni asilimia 40 na dizeli ikapanda kwa asilimia 10, nauli ya mzigo ipande kwa asilimia 4. Ikishuka, ishuke vilevile. Mwenye mzigo makini hatakataa, kwa sababu bei inatangazwa hadharani na hakuna wa kumdanganya mwenzake. Akikataa kabisa, jiulize anayebebeshwa hatari ni nani. Mteja wangu wa saruji aliiweka kalamu chini akaenda kujadiliana upya, na nilifurahi sana.

"Bei ya dunia imeshuka, wanatuibia"

Hili nalo lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayowachanganya watu. Mafuta unayotia leo hayakununuliwa leo. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2012 Tanzania inaagiza mafuta kwa pamoja, siku hizi chini ya PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji huo. Kampuni hushindania zabuni, meli hupangiwa mwezi, mzigo hupakuliwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, na thamani yake hupigwa kwa bei za soko za wakati wake. Kutoka taarifa ya habari hadi pampu ya Mbagala kuna wiki nyingi. Aprili 20, 2020 mafuta ya Marekani yaliuzwa kwa bei ya chini ya sifuri, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na watu wakataka petroli ya bure siku ya pili yake. Bei hapa ilishuka kweli, Dar petroli ikaenda chini ya shilingi 2,000, lakini ahueni kubwa ilikuja Mei na Juni. Ucheleweshaji huohuo hukulinda bei ya dunia inapopanda, ila sijapokea simu ya mtu kulalamikia hilo.

Jambo la pili ndilo ninalotaka watu walishike. Tozo na ushuru kwenye mafuta yetu hutozwa kwa shilingi kadhaa kwa kila lita, hazitozwi kwa asilimia ya bei. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na mwaka 2023 ikaongezwa 100 nyingine kwa miradi ya maendeleo. Pipa likiwa dola 120 au 40, shilingi hizo hazisogei. Tuseme lita ni shilingi 3,000, na kati yake 1,500 ndiyo thamani ya mafuta yenyewe. Soko la dunia likishuka kwa asilimia 20, kinachopungua ni shilingi 300, na wewe unaona asilimia 10 tu. Hujaibiwa. Ukitaka kuibana serikali kuhusu tozo, ibane, ni haki yako na hoja ipo. Ila mlengeni anayehusika, msimpigie kelele kijana wa pampu.

Na dola je? Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola ilikuwa shilingi 2,300 hivi, mwisho wa mwaka ikafika 2,500. Hata pipa lisingepanda senti moja, mafuta yangepanda.

"Sheli wanajipangia bei"

Hawajipangii. Kuna bei kikomo, kituo kinaweza kuuza chini yake, hakiruhusiwi kuivuka. Wizi ukiwepo huwa kwenye kipimo. Angalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu, hakikisha namba zimeanza kwenye sifuri, dai risiti.

"Wazambia na Wakongo wanauziwa rahisi mafuta yanayopita kwetu"

Mafuta ya nchi jirani yanapita tu. Hayalipi tozo zetu kwa sababu yatalipa za kwao. Ndiyo maana mafuta ya ndani yanawekewa vinasaba, yaani kemikali ya kuyatambulisha, ili yale ya safari yakiuzwa hapa kwa magendo yagundulike.

"Jaza alfajiri upate mengi"

Tanki la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki sana kati ya alfajiri na adhuhuri. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Hutapata hata glasi moja ya ziada. Lala.

"Ukipiga free mlimani unaokoa mafuta"

Hili linaua watu. Gari la EFI, yaani ambalo kompyuta ndiyo inayopima mafuta ya injini, likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa, kwa sababu matairi ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka free, injini inabidi ichome mafuta ili isizimike. Kwa hiyo anayeshuka Kitonga au Sekenke akiwa free anatumia mafuta mengi kuliko mwenzake aliye gia ya tatu, na juu ya hapo breki zake zinaungua kabla hajafika chini. Nimewaambia wenye mabasi waziwazi: dereva akikutwa anashuka free, mwachisheni kazi. Anayetaka kuokoa mafuta kweli akague upepo wa matairi kila wiki na apunguze mwendo kutoka 110 hadi 90. Ataona tofauti kwenye geji.

"Tuna gesi yetu, lakini kwenye gari italipuka"

Nusu ya kwanza ni kweli. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na inafika Dar es Salaam tangu 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982. Hiyo ndiyo gesi asilia ya magari, na haihitaji meli wala bandari. Tatizo ni kwamba watu huichanganya na gesi ya mtungi wa jikoni, ambayo karibu yote inatoka nje kama petroli, na ambayo ikivuja ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni ikisubiri cheche. Gesi asilia ni nyepesi, hupaa na kutawanyika. Mtungi wake kwenye gari hushindiliwa hadi shinikizo la bar 200 na umetengenezwa kuhimili zaidi ya hapo. Ninachoogopa mimi ni fundi wa uchochoroni anayefunga mtungi asiojua umetoka wapi. Nenda karakana iliyosajiliwa, uondoke na cheti mkononi.

Kisha piga hesabu yako mwenyewe, usiige ya jirani. Kilo moja ya gesi inafanya kazi ya lita moja na nusu ya petroli. Tuseme dereva wa teksi anatumia lita 15 kwa siku, kwa shilingi 3,000 ni 45,000. Kwa gesi atahitaji kilo 10, na kwa bei ya 1,550 kwa kilo ni 15,500. Anabakiza 29,500 kila siku, na kama kufunga mfumo kumemgharimu milioni 1.8, inarudi baada ya siku 61 hivi za kazi. Anayekwenda ofisini na kurudi kwa lita tatu anabakiza 5,900, atasubiri siku 300 na ushee, na foleni ya kujaza gesi itamla muda kila wiki. Huyo simshauri kwa sasa. Wala simshauri mwenye lori la Tunduma, mpaka avione vituo vya gesi njiani.