Nyongeza Inayofuta: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu World of Warcraft

"Mjomba, hilo gemu si limekufa zamani?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo kabla hata hajaegesha baiskeli. Nilikuwa barazani kwetu, Ngamiani, Tanga, laptopu mapajani, feni nimeivuta mpaka mlangoni, na kwenye kioo yupo orki wangu, lile jitu la njozi ninalolichezea, kampanda mbwamwitu. Kabla sijafungua mdomo, jirani wa nyumba ya pili, ambaye miaka ile alicheza mwezi mmoja akaacha, akanijibia: limekufa, limeuliwa na nyongeza zao. Tukabishana mpaka adhana ya magharibi. Mengi yaliyosemwa jioni ile nimeshayasikia mara nyingi, tena kwa watu wanaolipenda gemu lenyewe, na mengi si kweli.

Kwa asiyelijua, World of Warcraft ni gemu la njozi la kuigiza wahusika mtandaoni. Lilitoka Marekani tarehe 23 Novemba 2004, kazi ya Blizzard Entertainment ya Irvine, California. Unaunda mhusika wako, unalipia kila mwezi, unaingia kwenye dunia iitwayo Azeroth ukiwa na maelfu ya watu wengine. Kila baada ya miaka miwili hivi hutoka nyongeza: nchi mpya, leveli mpya (ngazi za nguvu za mhusika), pengine na kabila jipya. Kufikia The War Within ya Agosti 2024 zilikuwa zimetimia kumi.

Dhana: Nyongeza ni kuongeza tu

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Watu wanaichukulia nyongeza kama chumba cha uani. Nyumba zetu za Ngamiani ndivyo zinavyokua: vyumba sita na korido katikati, kijana akioa unainua viwili uani, na huku mbele kila kitu kinabaki kilivyokuwa. Nyongeza ya World of Warcraft ni kama ujenge uani, halafu wageni wote wapokelewe huko huko nyuma, na ile sebule uliyoihangaikia miaka miwili igeuke stoo.

Chukua ile ya kwanza, The Burning Crusade, ya tarehe 16 Januari 2007. Kabla yake leveli ya mwisho ilikuwa 60, na aliyefika hapo alijiunga na kundi la watu arobaini kuingia Molten Core, pango la moto. Watu arobaini, usiku mzima, na kila jitu kubwa likianguka linatoa vitu viwili vitatu vya kugombaniwa na wote. Vitu vizuri vilikuwa na jina la rangi ya zambarau. Vya daraja la chini, kijani. Mtu aliweza kungoja miezi akipata upanga mmoja wa zambarau. Basi nyongeza ikaja, leveli zikapanda mpaka 70, na kazi za mwanzo mwanzo kabisa kwenye nchi mpya zikawa zinatoa vitu vya kijani vilivyolingana na ile zambarau ya jasho, na vingine vikaipita. Upanga wa miezi ukauzwa dukani kwa sarafu kidogo za mchezo.

Hilo la vitu watu hulikumbuka. Linalosahaulika ni la watu wenyewe. Nyongeza hiyohiyo ilishusha kundi la reidi, yaani la kuvamia mapango makubwa kama Molten Core, kutoka arobaini hadi ishirini na tano, na mengine kumi tu. Fikiria chama cha watu arobaini waliozoeana, wanaojuana sauti, kila wiki siku moja na saa moja. Ghafla nafasi zimebaki ishirini na tano. Vyama vingi vilivunjika kwa hesabu hiyo tu, wala hakuna joka lililowagusa.

Dhana: Usiponunua nyongeza, haikugusi

Hii niliiamini mwenyewe, ikanitoa ushamba. Niliingia kwenye gemu mwaka 2009 nikiwa nasoma Dar. Binamu yangu aliyeko Maskati alinitumia kisanduku cha DVD, maana kupakua kitu kizito vile kwa modemu ya wakati ule ilikuwa ndoto. Kebo ya kwanza ya baharini, SEACOM, ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kazi Julai mwaka huo. Kabla yake intaneti yetu ilitegemea setilaiti. Oktoba 2010 ikatangazwa kwamba nyongeza ya tatu, Cataclysm, itatoka tarehe 7 Desemba. Sikuwa na hela. Nikajisemea sinunui, nitabaki na dunia yangu ya zamani.

Tarehe 23 Novemba, wiki mbili kabla ya kutoka, ikaja apdeti ya bure kwa kila mtu, anunue asinunue. Joka Deathwing limeibuka na kuipasua ardhi. Kuifungua tu apdeti kulinichukua siku kadhaa za kuvizia kompyuta kwenye intaneti kafe, na mwenye kafe alinikata hela ya saa nzima siku umeme ulipokatika dakika ya kumi. Nilipoingia hatimaye, nyika ya Barrens niliyoivuka kwa miguu tangu leveli ya kumi imekatwa katikati na ufa wa moto. Kambi ya Taurajo, nilikozoea kupumzika, magofu. Kazi nilizokuwa nimezifikisha nusu, nyingi hazipo tena.

Kwa hiyo aliyelipia alipata leveli tano za juu, kutoka 80 mpaka 85, na makabila mawili mapya. Asiyelipia alinyang'anywa dunia yake ya zamani bila hata kuulizwa. Mpaka leo sijaona nyongeza nyingine iliyothubutu kubomoa kiasi kile, na sidhani kama waliofanya uamuzi huo wangeurudia.

Dhana: Wrath of the Lich King ndiyo iliyojaza watu

Jirani yangu aliapa kwa hili. Wrath ilitoka tarehe 13 Novemba 2008, na kweli ni nzuri. Mimi nimeingilia hapo, kwa hiyo sina haki ya kuwa hakimu. Ila tazama hesabu zilizotangazwa na Blizzard wenyewe. Januari 2007, siku chache kabla ya nyongeza yoyote kutoka, waliokuwa wakilipia walishapita milioni 8. Januari 2008, milioni 10. Mwisho wa Oktoba 2008, wiki mbili kabla ya Wrath, milioni 11. Kilele cha milioni 12 kilitangazwa Oktoba 2010, nyongeza hiyo ilipokuwa ndiyo kwanza imeingia China baada ya kucheleweshwa sana.

Kwa maneno mengine, theluthi mbili ya umati ule walikuja kabla ya chumba cha kwanza cha uani kuchimbiwa msingi. Wrath iliupokea umati mkubwa kuliko wote na ikaushikilia. Kuwaleta ni jambo jingine.

Dhana: Kila kikubwa kilikuja na nyongeza

Tunahesabu historia ya gemu hili kwa nyongeza kama wazee wanavyohesabu kwa njaa na mafuriko: "hiyo ilikuwa enzi za Lich King." Matokeo yake tunabebesha nyongeza lawama na sifa zisizo zake. Ule ugonjwa wa Damu Iliyoharibika, ulioruka kutoka kwa mungu nyoka Hakkar ukaua wachezaji hadi mijini, ulitokea Septemba 2005 kwa apdeti ya kawaida. Watafiti wa magonjwa ya mlipuko walikuja kuuandikia, kwa jinsi watu walivyokimbia na kuusambaza kama katika maisha halisi. Wakati huo hakuna nyongeza hata moja iliyokuwa imetoka.

Lakini mfano unaoniuma ni ule wa kitafuta kundi. Zamani, ukitaka kuingia pango la watu watano (si kama yetu ya Amboni, haya yana wenyewe), unasimama mjini unanadi kama muuza samaki: tunatafuta mganga mmoja, tupo wanne! Akipatikana, mnatembea wote mpaka mlangoni. Njiani mnaongea. Seva, yaani ile nakala ya dunia mliyomo, ilikuwa kama mtaa: ukidokoa kitu cha mwenzio leo, kesho unanyimwa kundi, kwa sababu jina limeshazunguka. Kisha ikaja kitufe. Bonyeza, ngoja, unatupwa pangoni na watu wanne wa seva nyingine, mnamaliza kwa dakika ishirini, hakuna aliyesema hata habari za jioni, na hamtaonana tena. Wanaoichukia Cataclysm husema yeye ndiye aliyeleta balaa hilo. Wanaoipenda Wrath hawataki kusikia kwamba kitufe kiliwekwa Desemba 2009, katikati ya enzi yao tukufu, kwa apdeti, zaidi ya mwaka mmoja baada ya nyongeza kutoka. Nami nitakiri: mwanafunzi wa kafe anayelipia kwa saa alikipenda kitufe kile kuliko mtu yeyote.

Zile ndogo ndogo

Mpwa wangu alidhani wale panda wa Mists of Pandaria, ya Septemba 2012, wameigwa kwenye filamu ya katuni ya 2008. Hapana. Walianza kama mzaha wa Siku ya Wajinga mwaka 2002, wakaingia rasmi kwenye Warcraft III, gemu lililotangulia hili, kwa nyongeza yake ya mwaka 2003, miaka mitano kabla ya filamu.

Alidhani pia kwamba leveli hupanda tu. Zilipanda mpaka 120 mwaka 2018, kisha Shadowlands ilipokaribia, mwaka 2020, wote waliokuwa 120 wakashushwa mpaka 50 na kilele kipya kikawa 60, palepale kilipokuwa kilele cha watu wa 2004.

Na kununua nyongeza zote, kwa hela ya nani? Tangu Julai 2018 malipo ya mwezi yanakupa zote za nyuma. Unanunua ile ya mwisho tu, tena ukitaka. Leveli 20 za mwanzo ni bure. Kikwazo chetu huku ni bando la kupakua makumi ya gigabaiti. Ukishamaliza hapo, kucheza kwenyewe hakuli data kama watu wanavyodhani.

Dhana: Gemu limekufa

Tanga tunautania mji wetu: waja leo waondoka leo. Sijapata maneno yanayoeleza malipo ya gemu hili kuliko hayo. Warlords of Draenor ilipotoka Novemba 2014, waliolipia walirudi mpaka kupita milioni 10. Machi 2015 ilipoisha walikuwa milioni 7.1. Septemba, 5.5. Kisha Blizzard wakaacha kabisa kutangaza idadi hiyo, na kimya chao ndicho kilichozaa tangazo la msiba ambalo jirani yangu bado analisoma.

Nyongeza ile ilimpa kila mchezaji ngome yake binafsi, na mgodi wake na bustani yake ya dawa, ndani ya uzio. Nani aende mjini? Miji ikawa mitupu, kila mtu kajifungia kwake akivuna. Niliwahi kukaa wiki mbili ndani ya ngome yangu bila kuonana na mchezaji mwingine, nikiwa kwenye gemu la watu mamilioni.

Ila kuondoka kwa waja leo si kifo. Shadowlands iliuza nakala milioni 3.7 hadi mwisho wa siku yake ya kwanza, Novemba 2020, na ikavunja rekodi ya magemu ya kompyuta wakati huo. Wanakuja, wanamaliza, wanaondoka, wanarudi nyongeza nyingine ikitangazwa. Nami ni mmoja wao. Nimeondoka mara nne.

Jirani akacheza karata yake ya mwisho: "Kama nyongeza ni nzuri, mbona wakaomba ya zamani, wakapewa?" Ni kweli, Agosti 2019 ilifunguliwa Classic, gemu la kabla ya nyongeza, na seva zilifurika mpaka watu wakapanga foleni kumgonga nguruwe mmoja. Lakini tazama kilichofuata. Juni 2021 Classic ikaingizwa Burning Crusade. Septemba 2022, Wrath. Mei 2024, Cataclysm, na Deathwing akapasua ardhi ileile mara ya pili. Julai 2025, panda. Seva za kale tupu zimebaki kwa wanaozitaka, ila wengi walipanda ngazi zilezile walizokuwa wakizilaani.

Jirani hakujibu. Alisema anawahi msikitini.

Mpwa wangu akabaki. Nikamrusha orki wangu kusini mpaka Thousand Needles, bonde lililozama: vilele vya mawe vimetokeza juu ya maji, jua linazama nyuma yake. Akasema pazuri, kama ukitazama bahari toka Raskazone. Nikamwambia hapa palikuwa pakavu. Chini ya maji hayo kulikuwa na uwanda mweupe wa chumvi, na vibwengo na mbilikimo walikuwa na uwanja wao wa mbio za magari. Nilikuwa na kazi sita za kuwafanyia, nikamaliza nne. Cataclysm ikaja, bahari ikaingia.

"Sasa wale wa magari walihamia wapi, mjomba?"

Nikamshusha orki mpaka usawa wa maji, kwenye kile chombo kirefu kilichojaa mabati na moshi, kimetia nanga katikati ya bonde.

"Hilo tishari?" Akacheka. Babu yake alifanya kazi matisharini hapo bandarini miaka kumi na minane. "Basi nao wamekuwa watu wa Tanga."