Mafunzo elekezi ya dereva wa lori ni muda wa kazi

Dereva wa lori anayepata ajira katika kampuni ya usafirishaji Arusha au Moshi si lazima akabidhiwe ufunguo siku hiyohiyo. Huenda akaitwa yadi kwanza, aelezwe kanuni za usalama, ujazaji wa nyaraka za mzigo na taratibu za forodha za Namanga au Holili, kisha aende safari moja au mbili akiwa na dereva mzoefu. Swali tunaloulizwa ni kama siku hizo zinalipwa. Zinapoachwa bila malipo, chanzo mara nyingi ni mazoea ya kuhesabu kipato cha dereva kwa safari, kana kwamba asiyesafiri hakufanya kazi.

Marekani, ambako madereva wengi wa masafa marefu hulipwa kwa maili, mvutano huo ni wa siku nyingi. Mwaka 1947 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba wanagenzi wa kampuni moja ya reli, waliojifunza kwa manufaa yao wenyewe bila kuipa kampuni faida ya papo kwa papo, hawakuwa waajiriwa. Kwa aliyekwisha kuajiriwa, hata hivyo, kanuni za huko huyaondoa mafunzo kwenye hesabu ya saa za kazi pale tu yanapofanyika nje ya saa za kawaida, kwa hiari, bila kuhusiana na kazi yake, na bila yeye kufanya kazi nyingine wakati huo. Ni vigumu kuona mafunzo ya lazima ya dereva yatakavyotimiza masharti yote manne.

Kwetu, jibu linatafutwa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo. Kifungu cha 61 cha sheria hii ya pili kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo saa zake au namna anavyofanya kazi vinaongozwa na mtu mwingine, au anapewa vitendea kazi na mtu huyo, bila kujali mkataba umeandikwaje. Dereva aliyeamriwa kuripoti yadi saa moja asubuhi na asiyeruhusiwa kuondoka hadi msimamizi aseme, kwa maoni yangu, yuko kazini, na kumwita "mtu wa majaribio" hakubadilishi jambo, kwa kuwa kipindi cha majaribio ni sehemu ya ajira.

Sisemi kwamba kila saa inayotangulia ajira ina ujira. Mwombaji anayepimwa uwezo kwa kuzungushwa na gari barabarani, au anayejilipia kozi ya VETA na kupata cheti chake mwenyewe, hana anachomdai mwenye kampuni. Lakini "jaribio" linalobeba shehena ya mteja hadi Dar es Salaam ni kazi, na mteja wa shehena hiyo hakupunguziwa gharama kwa sababu dereva alikuwa mgeni.

Ugumu huja kwenye ushahidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi yanayotaja, pamoja na mengine, tarehe ya kuanza kazi, saa na ujira. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na maandishi hayo hayapo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa humwangukia mwajiri. Vilevile, gharama ya mafunzo haikatwi kwenye mshahara kwa tangazo la mdomo, kwani makato yanahitaji ruhusa ya sheria au makubaliano ya maandishi. Malipo yenyewe hayahitaji kukisiwa: jedwali la kwanza la sheria hiyo linaonyesha namna ya kupata ujira wa siku kutokana na mshahara wa mwezi.

Dereva aliyenyimwa ujira huo anaweza kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa kanuni za mwaka 2007, madai yasiyohusu kuachishwa kazi hupewa siku 60, hivyo asisubiri amalize mkataba. Ujumbe wa simu uliomwita yadi na nakala ya daftari la mahudhurio vitamfaa kuliko maneno ya mashahidi, ambao aghalabu bado wanaendesha malori ya kampuni hiyohiyo.