Kuvunjika karibu na kifundo cha mguu: kwa nini upasuaji husubiri

"Ndugu yetu kavunjika Jumapili, leo Alhamisi, mbona hajaingia thieta?" Swali hili tunaulizwa wodini kila mara, na wanaouliza wana haki ya kujibiwa. Mgonjwa kaanguka na bodaboda au kadondoka kutoka juu ya jengo, na ncha ya chini ya mfupa wa muundi imepasuka vipande pale inapobeba kifundo. Hajasahaulika. Tunaisubiri ngozi yake.

Pitisha kidole upande wa ndani wa muundi wako: hakuna nyama, unagusa ngozi na mfupa tu. Kishindo kilichovunja mfupa kimeiumiza na ngozi hiyo, hata kama haikuchanika. Baada ya siku moja au mbili mguu hufura, ngozi hung'aa, malengelenge hujitokeza. Yenye damu yanatutisha kuliko yenye maji, kwa sababu jeraha lake limeingia ndani zaidi. Ukipasua hapo, kidonda hakifungi na wadudu hufika hadi kwenye pleti (bamba la chuma linaloshikilia mfupa) na mfupa wenyewe. Kinachofuata ni kusafishwa mara kwa mara, kuondolewa vyuma, kupandikizwa ngozi. Wachache hupoteza mguu.

Mwaka 1969 madaktari wa Uswisi, Rüedi na Allgöwer, walionyesha kuwa kuunga mapema kwa pleti kunaleta matokeo mazuri. Lakini wengi wa wagonjwa wao waliumia wakiteleza kwenye theluji, si kwa kugongwa na magari. Njia hiyo ilipotumika kwa ajali za kishindo kikubwa, vidonda vilifumuka na usaha ukawa mwingi. Ndiyo maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 upasuaji wa awamu mbili umeenea.

Kwanza, mapema iwezekanavyo, mguu hunyooshwa na kushikiliwa kwa vyuma vya nje. Picha ya CT hupigwa baada ya hapo, kwa kuwa vipande vinaonekana vizuri zaidi mguu ukiwa umenyooka. Kisha mguu huinuliwa, na kusubiri kunaanza: kwa kawaida siku 7 hadi 14, pengine hata 21. Tunachotafuta kila asubuhi ni mikunjo midogo ya ngozi. Ikirudi, uvimbe umeshuka, na hapo ndipo awamu ya pili, ya kuunga mfupa kwa pleti, hufanyika. Kuchelewa mno nako kuna hasara, maana vipande huanza kushikana vibaya.

Yapo yasiyosubiri. Mfupa ukitoboa ngozi, antibayotiki na kuoshwa kidonda ni mambo ya haraka. Kifundo kilichoteguka hurudishwa mara moja. Na maumivu yakizidi licha ya dawa, hasa vidole vikinyooshwa, mwite muuguzi saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane: huenda shinikizo ndani ya mguu linaua misuli.

Nyumbani, tafadhali, msiuchue mguu wala kuubana kwa vijiti na kamba kabla ya kuuleta. Mgonjwa aache sigara, na mwenye kisukari aseme mapema. Vyote viwili huchelewesha kupona.

Baada ya pleti, kukanyaga husubiri takriban wiki 10 hadi 12. Hata kazi ikienda vizuri, gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) lililopondwa siku ya ajali halirudi lilivyokuwa, na baadhi ya wagonjwa hupata baridi yabisi ya kifundo miaka michache baadaye. Hilo tunawaambia kabla hawajatia saini fomu ya upasuaji.