Darasa la Kisomo Likiwa Kanisani au Madrasa, Ni la Nani?

Tangu Siku ya Kisomo Duniani, 8 Septemba, ofisi yetu ya elimu ya watu wazima hapa Moshi imeletewa malalamiko yanayofanana. Wako wanaodai madarasa ya kisomo, yaani ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, yanayofanyikia kwenye kumbi za makanisa ni mtego wa kubadilisha watu dini. Wengine wanasema hayo hayo kuhusu madarasa yaliyo madrasa. Tunaamini wengi wanauliza kwa nia njema, kwa hiyo tunajibu kwa kirefu.

Ukumbi ni mali ya wenye dini yao, darasa ni la mtaa mzima. Tunaazima kumbi hizo kwa sababu zina taa, viti na choo, na mwanamke anaweza kutoka pale jioni bila hofu. Hakuna siri nyingine.

Ibara ya 19 ya Katiba inasema kueneza dini ni hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ndiyo maana hatumpangii shehe wala mchungaji la kuhubiri. Lakini saa za kisomo si saa za mahubiri. Daftari la mahudhurio lina jina, umri, mtaa na namba ya simu, basi. Mwalimu atakayeongeza safu ya dini ataitwa kujieleza, atapewa onyo la maandishi, na akirudia ataondolewa kituoni. Mwenye ukumbi akishikilia kwamba wanafunzi wasali naye kwanza, darasa linahama.

Suala la ratiba limetuchosha kidogo. Ijumaa mchana hatufundishi. Jumamosi Wasabato hawaji, na huku kwetu, kwa ndugu zetu wengi waliotoka Upareni, si watu wachache. Jumapili asubuhi kila mtu anajua. Ramadhani ikiingia, kipindi lazima kiishe mapema watu wawahi futari. Kinachobaki ni Jumatatu hadi Alhamisi alasiri, na hapo mama wa Mbuyuni bado yuko na ndizi zake sokoni. Anayeona hapa upendeleo wa dini fulani ajaribu kuipanga hiyo ratiba mwenyewe.

Wapo watu wazima wanaokuja kwa sababu wanataka kusoma Biblia wenyewe, au tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili. Karibuni sana, hamu hiyo imewafikisha wengi kwenye kusoma. Ila somo la pamoja linatumia karatasi zinazomhusu kila mmoja: meseji ya muamala wa simu, fomu ya zahanati, mkataba wa mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Nimemwona mama akiweka dole gumba kwenye mkataba wa kikundi ambao hakuna aliyemsomea. Alijua amekopa. Hakujua kwamba amewadhamini wenzake wote. Jambo hilo linaniuma kuliko malalamiko yote ya majengo.

Elimu ya uraia nayo si kumpigia mgombea debe. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wananchi walisoma kupitia redio katika kampeni ya Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1973 kampeni ya afya ya Mtu ni Afya ikawafikia watu wapatao milioni 2. Sisi tunaendeleza kazi hiyo hiyo. Mwalimu anafundisha jinsi karatasi ya kura ilivyo. Hasemi nani apigiwe, wala dini ya mgombea ni ipi. Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 20, inazuia kusajiliwa chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini.

Kuhusu kejeli darasani: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inamhusu anayekusudia kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Kosa linaweza kuwa neno, sauti, ishara ya mwili, au hata kitu kilichowekwa mbele yake. Adhabu ni kifungo cha mwaka mmoja. Kuuliza swali kuhusu imani ya jirani si kosa, na tunaomba watu waache kutishana kwa kifungu wasichokisoma.

Malalamiko yaletwe kwa Afisa Elimu Kata, yakiwa na tarehe, kituo na kilichosemwa. Sauti zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp hatuzifanyii kazi. Asiyejua kuandika aje aseme. Tutaandika sisi, tutamsomea mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, ndipo aweke dole gumba.