Pampu ya pumu haimzoeshi mtu
Mwezi wa saba Moshi, baridi ya mlimani ikishuka mpaka Mbuyuni, vifua huanza kubana. Na ule usemi wa siku zote unarudi: "Usianze pampu, ukishaizoea huachi."

Si kweli. Pampu haileti uraibu; anayeivuta kila siku anaivuta kwa sababu pumu yenyewe ni ya kudumu. Wala si kali kuliko vidonge. Kidonge cha salbutamoli, dawa ileile iliyo kwenye pampu ya bluu, kina miligramu 2 au 4, mpulizo mmoja wa pampu una mikrogramu 100. Yaani kidonge cha 4 ni sawa na mipulizo 40! Kidonge huzunguka mwili mzima, ndiyo maana mikono hutetemeka hadi chai inamwagika kwenye sosa.

Ila pampu ya bluu hutanua njia za hewa tu, uvimbe wa ndani unabaki. Kinachoutuliza ni steroidi ya kuvuta, ambayo watu wazima wengi hawaandikiwi, ingawa tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Ukishavuta steroidi, sukutua mdomo, uteme. Mabaki yake hukaribisha fangasi.