Kiota cha siku sitini, mgeni wa jioni moja

Saa kumi na nusu jioni, ufukwe mmoja kusini mwa Kigamboni. Mzee amepiga magoti mchangani, mkono umezama hadi begani. Anatoa maganda ya mayai, malaini kama ngozi iliyoloa, na kuyapanga kumi kumi ili tuhesabu. Nyuma ya kamba wamesimama wageni wanane, familia ya Sinza na vijana wa chuo. Watoto wa kasa wengi walishatoka usiku wa juzi na kuingia majini wenyewe. Tunachofanya leo ni kufukua kiota, kuhesabu yaliyoanguliwa na mayai viza, na kuwaopoa waliokwama chini. Mzee ananyamaza, anatabasamu, anatoa mkono. Kiganjani yuko kasa wa ukubwa wa kiberiti, anapiga makasia hewani. Binti mdogo anapiga ukelele, mama yake anamziba mdomo.

Hiyo ndiyo sehemu inayopigwa picha. Mimi kazi yangu iko kwenye siku sitini za kabla yake.

Pwani ukisema kasa, watu wanaelewa yule mkubwa wa kijani. Mwenye gamba la kuchongea vitana ni ng'amba. Wote wawili hutaga kwenye fukwe zetu. Kasa jike hupanda usiku, huchimba, hutaga mayai mia na zaidi, hufukia, kisha hurudi majini na hana habari tena. Mayai hukaa mchangani siku hamsini hadi sitini hivi. Katika muda huo kiota kina maadui wengi: mbwa, kaa, maji ya bamvua, yaani maji makuu, na mtu mwenye ndoo. Kikiwa chini mno, mahali maji yatakapofika, huhamishwa, lakini ndani ya saa chache tu na bila kuligeuza yai, maana kiinitete hujishikiza juu kwa ndani na ukiligeuza kinakufa. Kazi hiyo haifanywi na mtaalamu anayesubiri pantoni Magogoni. Hufanywa na aliyeamka saa kumi alfajiri akaiona njia ya kasa mchangani, kama tairi la trekta, kabla ya mbwa kuiona.

Sasa tuseme habari ya pesa, maana mazungumzo mengi ya utalii wa bahari huishia kwenye neno "kushirikisha jamii" na hapo hapo chai huletwa.

Miaka kadhaa nyuma nilialikwa na kampuni moja ya utalii, jina nitaliacha. Walileta wageni kwa basi kutoka mjini, muongozaji wao, vyakula vyao kwenye maboksi, hata maji ya kunywa. Wakapiga picha, wakaondoka. Mlinzi wa kiota aliachiwa bakshishi ambayo haikufika nauli yangu ya kurudi Kunduchi. Msimu uliofuata, kiota cha kwanza kilikutwa kimechimbwa, kitupu. Nikauliza nyumba hadi nyumba. Hakuna aliyeona kitu. Ufukwe ambao ukiangusha senti watu kumi wanajua, safari hii hakuna aliyeona. Sikuwalaumu sana, na mpaka leo sioni kwa nini niwalaumu.

Tulikaa chini na watu wa mtaa tukapanga upya. Mgeni hulipa kabla hajaona kitu. Fungu la kwanza ni la aliyekigundua kiota, na hilo hulipwa hata mayai yote yakiviza, kwa sababu kuviza si kosa lake. Fungu jingine ni la wanaopiga doria usiku. Linalobaki huingia mfuko wa mtaa, na hesabu husomwa mbele ya watu. Chakula hupikwa na akina mama wa pale pale. Wengi wetu tulijifunza kazi hii kwa kuangalia Sea Sense, shirika la hapa Dar linalofanya kazi na jamii za pwani tangu 2001.

Jambo ambalo sikulitegemea ni majira. Viota vingi huanguliwa wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Kusi likivuma, mtumbwi mdogo hautoki nje ya mwamba, nyumbani mboga ni kisamvu wiki nzima, na hapo ndipo ndoo ya mayai ya kasa hushawishi. Pesa ya mgeni ikiingia miezi hiyo hiyo, thamani yake ni kubwa kuliko tarakimu zake. Ikija Januari, samaki wapo, haina uzito ule.

Wapo wanaoniambia nitumie sheria. Ipo, kasa analindwa. Lipo na tukio la Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watu tisa, wanane wao watoto, walipokufa kwa kula nyama ya kasa yenye sumu. Hilo huwa nalisimulia kila kikao, na watu hunyamaza kweli. Lakini siku hizo sitini zinahitaji mtu aliye macho usiku, na sheria hulala saa tatu.

Kwenye visiwa vya hapa Dar habari ni tofauti kidogo. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa maeneo tengefu mwaka 1975, kisha kwa muda mrefu tangazo likabaki karatasini huku baruti za kuvulia samaki zikilipuka. Ni Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994 iliyoleta kitengo cha kusimamia. Leo tishio ninaloliona mimi pale Mbudya ni dogo na la kila Jumapili: nanga. Aliyekulia baharini husoma rangi ya maji. Penye weupe ni mchanga, penye weusi ni matumbawe au majani. Niliwahi kupanda boti ya kijana aliyejifunza usukani kwa miezi miwili. Akatupa nanga kwenye weusi. Ilipopanda, ilikuja na bonge la tumbawe la unene wa sentimita ishirini na tano hivi. Aina ile hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kijana alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili.

Kwa hiyo kundi lolote likiniomba ushauri kuhusu boti, nasema mwajirini mvuvi kwanza, Kiingereza atajifunza. Wazee wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, waliokuwa wakiwinda pomboo kwa ajili ya chambo ndio walikuja kujua wapi pa kuwapeleka wageni wawaone. Ubaya wa Kizimkazi ulikuja baadaye, boti nyingi kumfukuza pomboo mmoja, kila nahodha akilipwa kwa kichwa cha mgeni. Ukilipa kwa kichwa, utapata mbio.

Mkitaka kuja kuona kasa, njooni bila tochi. Mtoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga. Baharini ni nyota, Kigamboni siku hizi ni taa za hoteli. Simu zizimwe, msiwaguse, na msiniulize tarehe kamili. Mzee hunipigia siku mchanga unapotitia juu ya kiota, na mara nyingi simu hiyo huja saa nane mchana, nami inabidi niwe nimevuka kabla foleni ya Feri haijafunga.