Je, Wajua Kwa Nini Mlo Uleule Hupanda Bei Wageni Wanapofurika Katika Bustani za Burudani?

Ndani ya hoteli mojawapo ya Walt Disney World, eneo la bustani za burudani za kampuni ya Disney jimboni Florida nchini Marekani, kuna mkahawa uitwao Chef Mickey's, ambako watoto hula huku Mickey, yule panya wa katuni za Disney, na wenzake wakipita meza kwa meza kuwasalimu na kupiga nao picha. Mgeni hulipa bei moja kwa kila kichwa. Milo ya namna hii katika bustani hizo imekuwa, kwa miaka mingi, ikipangiwa bei kwa kufuata kalenda, hivi kwamba familia iliyokula katika juma la Krismasi na Mwaka Mpya ililipa zaidi kuliko familia iliyokaa kwenye meza ileile majuma machache baadaye, ingawa mpishi hakubadilika wala vyakula havikubadilika. Nyongeza yenyewe mara nyingi ilikuwa ya dola chache tu kwa mtu mmoja, lakini familia ya watu sita huihisi, na ni haki yake kuuliza imetoka wapi.

Jibu ambalo wengi hulitoa kwanza ni kwamba gharama za jikoni hupanda wageni wanapokuwa wengi. Jibu hili lina ukweli kidogo. Kampuni kubwa za burudani hununua nyama, unga na mafuta kwa mikataba ya muda mrefu na kwa wingi mkubwa, kwa hiyo mayai ya siku ya Krismasi hayawagharimu zaidi sana ya mayai ya siku nyingine. Tena, jiko linalopika kwa ajili ya watu elfu hutumia fedha kidogo zaidi kwa kila sahani kuliko jiko lilelile linapopikia watu mia mbili. Gharama inayopanda kweli ni ya watu: wahudumu wa muda huajiriwa na kufundishwa kwa ajili ya majuma machache, na wale wa kudumu huongezewa zamu. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1938 kuhusu ujira inamtaka mwajiri alipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi saa 40 kwa juma, ijapokuwa huyasamehe baadhi ya maeneo ya burudani, yakiwemo yale yasiyofunguliwa zaidi ya miezi saba kwa mwaka. Hata hivyo, gharama hii ya ziada hugawanywa kwa wageni wengi zaidi, na peke yake haitoshi kueleza kwa nini bei ipande katika siku ambazo ukumbi umejaa tangu asubuhi.

Ili kuelewa, inafaa kujiuliza mkahawa wa aina hii unauza nini hasa. Tuchukue mfano wa kubuni wa ukumbi wenye viti 200, ambamo kila mgeni hukaa dakika 90, na huduma ya chakula cha jioni hudumu saa sita. Kila kiti kitakaliwa mara nne, na ukumbi utahudumia watu 800, wala hautawahudumia zaidi ya hapo hata jiko likiwa na chakula cha kulisha mara mbili yao. Katika siku ya kawaida huenda wanaotaka nafasi ni 600, na katika siku ya mwisho wa mwaka wakawa 1,500. Hakuna mwekezaji atakayejenga ukumbi wa pili kwa ajili ya majuma mawili ya mwaka kisha auache mtupu kwa majuma hamsini. Tena kiti kilichokaa bila mtu saa kumi na mbili jioni hakiwekwi akiba kikauzwa kesho yake, kwa kuwa saa ile imekwisha kupita. Kinachoadimika katika msimu wa wageni wengi, basi, ni kiti kwa muda maalumu, na bei inayopanda ni ya kiti hicho, ijapokuwa kwenye risiti imeandikwa kuwa ni ya chakula. Mwaka 1998 Sheryl Kimes wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wenzake, walieleza kwamba mkahawa unapaswa kupima mafanikio yake kwa mapato ya kila kiti kwa kila saa, na kipimo hicho sasa ni cha kawaida katika biashara ya mikahawa.

Wazo lenyewe la kuipandisha bei ili kugawa nafasi chache ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1952 mwanauchumi William Vickrey alipendekeza kwamba nauli ya treni za chini ya ardhi jijini New York iwe kubwa zaidi katika saa za msongamano, ili wale wanaoweza kusafiri saa nyingine wafanye hivyo. Pendekezo lake halikutekelezwa. Vickrey alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1996, akafariki siku tatu tu baada ya tangazo hilo, na inahuzunisha kidogo kwamba hakuishi kuona jinsi fikra zake zilivyoenea. Baada ya Marekani kuziondolea kampuni za ndege udhibiti wa nauli mwaka 1978, American Airlines ilijenga mifumo ya kompyuta ya kuuza viti vya ndege moja kwa bei mbalimbali, na hoteli zikafuata njia hiyo. Bustani za burudani zilichelewa. Ilikuwa Februari 2016 ndipo Disney ilipogawa tiketi zake za siku moja nchini Marekani katika madaraja matatu ya tarehe. Kiingilio cha mtu mzima katika Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Walt Disney World, kikawa dola 105 katika siku tulivu, dola 110 katika siku za kawaida na dola 124 katika siku za msongamano. Tokyo Disneyland, bustani ya Disney nchini Japani, nayo ilianza kutofautisha bei za tiketi kwa tarehe mwezi Machi 2021. Inavutia kuona kwamba huko Florida mikahawa ya bufe, ambako mgeni hulipa bei moja na kujipakulia chakula, ilikuwa imekwisha kutoza bei za sikukuu kabla ya lango lenyewe kufanya hivyo.

Kwa nini bufe na milo ya bei moja ndiyo itangulie, na si kibanda cha soseji na viazi? Sehemu ya jibu ni ya kiutendaji. Mlo wa bei moja kwa kila kichwa una bei mbili tu za kubadilisha, ya mtu mzima na ya mtoto, wakati menyu ya kawaida ina bei nyingi, na kila moja imechapishwa, imebandikwa ukutani na kuingizwa kwenye mashine za malipo. Muhimu zaidi ni kwamba nafasi katika milo hii huwekwa majuma kadhaa kabla, mara nyingine kwa kulipia mapema, kwa hiyo mgeni huiona bei ya tarehe yake akiwa bado nyumbani na anaweza kuchagua siku nyingine. Mkahawa wa Next jijini Chicago ulioanzishwa mwaka 2011 ulitumia mantiki hiyohiyo kwa kuuza tiketi za chakula ambazo bei yake ilitegemea siku na saa, kama tiketi za tamasha.

Kibandani mambo ni tofauti. Mtu hafiki na nafasi aliyoiweka. Hufika na njaa, mara nyingi akiwa na mtoto anayelia, na kuikuta bei imepanda wakati huo kungemkera kupita kiasi. Ndiyo maana huko kazi ya kugawa chakula kichache huachiwa foleni. Foleni nayo ni bei, ila hulipwa kwa muda badala ya fedha. Familia iliyosimama dakika 40 kununua chakula cha dola 50 imetoa zaidi ya dola 50, hasa ikikumbukwa kwamba siku yenyewe imegharimu kiingilio cha mamia ya dola na hudumu saa chache tu. Tofauti ni kwamba dakika zile 40 hazimfaidii mwenye mkahawa wala mgeni, zinapotea bure, na hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa wanaotetea bei za msimu.

Hapa pana jambo linalochanganywa mara kwa mara. Watu husema bei ni kubwa kwa sababu mgeni aliyekwisha kuingia langoni hana pa kwenda, na ni kweli kwamba anayelipa kiingilio hatoki kirahisi kutafuta mkahawa wa bei nafuu kilomita kadhaa mbali. Lakini hali hiyo ipo mwaka mzima. Inaeleza kwa nini chakula cha ndani ni ghali kuliko cha nje, haielezi kwa nini mwezi Desemba kiwe ghali kuliko mwezi Januari. Ambacho hali hiyo hufanya ni kuamua nyongeza ya msimu inaweza kufika umbali gani, na hapo kanuni ya kuingia na chakula ni ya maana sana. Bustani za Disney za Florida humruhusu mgeni aingie na chakula chake, kwa hiyo mkate uliofungwa kwenye mkoba unazuia bei ya ndani isipae. Tokyo Disneyland kwa kawaida hairuhusu jambo hilo. Bustani ya Disney ya Shanghai nayo ililikataza, hadi mwaka 2019 ilipolegeza kanuni yake baada ya mwanafunzi mmoja wa sheria kuipeleka mahakamani.

Mbali na viti na kanuni, kuna hisia ya haki, ambayo wenye biashara wameigundua kwa njia ya uchungu. Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha utafiti ambamo watu waliulizwa kuhusu duka lililopandisha bei ya makoleo ya kuzolea theluji kutoka dola 15 hadi dola 20 asubuhi baada ya dhoruba kubwa. Asilimia 82 walisema kitendo hicho si cha haki. Mwaka 1999 mkuu wa Coca-Cola alipozungumzia mashine za kuuzia soda zinazoweza kupandisha bei siku ya joto, lawama zilikuwa nyingi mno, na mwezi Februari 2024 Wendy's, kampuni ya mikahawa ya vyakula vya haraka, ilipotaja bei zinazobadilika, ghadhabu ya wateja iliilazimu kueleza haraka kwamba haikukusudia kupandisha bei katika saa za wateja wengi. Kwa sababu hiyo, bustani za burudani hupenda kutangaza misimu mapema kwa tarehe zilizo wazi, au kuiita bei kubwa kuwa ndiyo ya kawaida na ile ndogo kuwa punguzo la siku tulivu. Pengo kati ya bei hizo mbili ni lilelile, lakini mtu aliyenyimwa punguzo hakasiriki kama aliyetozwa nyongeza.

Wapo wanaouliza kwa nini bustani zisipunguze tu bei na kufaidika na wingi wa wateja, na mfano unaotajwa ni wa uwanja wa michezo wa Mercedes-Benz jijini Atlanta, ambao tangu ulipofunguliwa mwaka 2017 umeuza chakula kwa bei ya chini sana, ikiwemo soseji katika mkate, ambayo mwanzoni iliuzwa kwa dola 2. Mwaka wa kwanza matumizi ya kila shabiki yaliripotiwa kupanda kwa asilimia 16, ingawa bei zilikuwa takriban nusu ya zile za uwanja wa awali. Mfano huo ni mzuri, na ningependa uigwe zaidi. Hata hivyo, uliwezekana kwa sababu mashabiki wengi walikuwa hawanunui kabisa, na uwanja mpya uliongeza sehemu za kuuzia. Ukumbi wa bufe uliojaa mwisho wa mwaka hauna nafasi ya kuongeza mteja. Ukishusha bei, viti ni vilevile na orodha ya wanaosubiri inarefuka.

Udhaifu mkubwa wa bei za msimu, kwa maoni yangu, uko kwingine. Nadharia ya Vickrey ilitegemea mtu anayeweza kubadilisha muda wake, na mzazi mwenye watoto shuleni hawezi kuihamisha likizo ya Desemba kuipeleka katikati ya Januari. Kwake bei haimsukumi kwenye siku tulivu, bali humtoza kwa kalenda ambayo hakuipanga, huku wasafiri wasio na watoto wakifaidi siku za bei ndogo. Kinachobaki mikononi mwake ni saa. Katika mikahawa ya aina ya Chef Mickey's, kifungua kinywa hugharimu kidogo kuliko chakula cha jioni, ilhali ukumbi ni huohuo na anayekuja kumsalimu mtoto mezani ni Mickey yuleyule, hata katika juma la mwisho wa mwaka.